Askofu Steere na Kabati la Vitabu



Nyuma ya madhabahu kuu ya Kanisa Kuu la Mkunazini limo kaburi la Askofu Edward Steere. Wengi wetu tumepita karibu nalo tangu utoto, na wageni wanaokuja kutazama Mji Mkongwe huonyeshwa kila siku. Tukiulizwa mtu huyo alifanya nini, twajibu upesi kwamba ndiye aliyejenga kanisa hili mahali palipokuwa soko la watumwa. Jawabu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu. Askofu Steere alijenga pia kitu kingine ambacho wageni hawaonyeshwi, nacho ni vitabu.

Tumeona vema kueleza habari zake mwezi huu kwa sababu maalumu. Baada ya ibada, watu wakinywa chai, limezuka shauri la kuliondoa lile kabati la vitabu lililomo katika chumba chetu cha mikutano. Wasemao hivyo wana hoja. Kabati linachukua nafasi, limejaa vumbi, mchwa wamekwisha kuonja mguu wake mmoja, na vijana wote wana simu ambamo, twaambiwa, vitabu vyote vya dunia vimo. Wazee wa kanisa watalikata shauri hilo karibuni. Nia yetu si kumlaumu mtu. Twataka tu, kabla ya shauri kukatwa, tukumbushane maisha ya mtu ambaye bila yeye na wenziwe hata hilo neno kitabu tungelisoma kwa namna nyingine.

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huo huo akakubaliwa kuwa wakili. Njia ya cheo na mali ilikuwa wazi mbele yake. Lakini moyo wake haukutulia katika uwakili. Mwaka 1856 alipewa ushemasi, akatumika kwanza Devon, kisha Lincolnshire, na mwaka 1862 akakabidhiwa mtaa mdogo wa mashambani uitwao Little Steeping.

Mambo mawili ya siku zake za ujana yafaa kukumbukwa. La kwanza, alipenda vitabu mno, hata akasimamia kuchapishwa upya kwa kazi za Askofu Butler, mwanafalsafa wa Kanisa la Uingereza wa karne ya kumi na nane. La pili, alikuwa amejifunza kazi ya kupiga chapa kwa mikono yake mwenyewe. Wasomi wengi wa wakati ule wangeona haya kupaka vidole wino. Yeye hakuona haya, na ufundi huo mdogo ukaja kuwa na faida kubwa katika kisiwa ambacho bado hakukijua.

Wakati huo Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa baada ya mwito wa Dk. Livingstone wa mwaka 1857, ilikuwa katika msiba. Askofu Mackenzie, askofu wake wa kwanza, alikufa kwa homa mwaka 1862 katika nchi za mto Zambezi na Shire. Aliyechaguliwa kushika nafasi yake alikuwa William Tozer, rafiki wa Steere. Steere akakubali kumsindikiza rafiki yake kwa muda mfupi tu, kisha arudi kwenye mtaa wake. Muda huo mfupi, ndugu zangu, uligeuka kuwa karibu miaka ishirini, na haukwisha ila kwa kifo.

Huko Zambezi kazi haikuwezekana. Tozer na Steere wakaamua kuanza upya Unguja, ambako ndiko njia zote za biashara za pwani na bara zilikokutana. Wakafika mwisho wa Agosti 1864. Mtawala alikuwa Seyyid Majid, naye aliwakabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Shule ikaanza na watoto hao watano. Hawakuwa na wazazi karibu, na kila mmoja alikuja na lugha ya kwao. Lugha moja tu iliweza kuwaunganisha wao kwa wao, na kuwaunganisha na watu wa mji, nayo ilikuwa Kiswahili.

Hapo ndipo ilipoanza kazi kubwa ya Steere. Tusidhani kwamba alikuta nchi isiyo na maandishi. Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na tenzi zilinakiliwa kwa mkono na kuhifadhiwa katika nyumba za wenye elimu. Mombasa, mmisionari Ludwig Krapf alikuwa ameandika sarufi yake mwaka 1850. Lakini Krapf aliandika Kimvita, na Steere alipotembea sokoni Unguja alisikia usemi mwingine. Kitabu cha kumfundisha Kiunguja hakikuwapo. Akaona hana budi kukitengeneza, na kwamba kukitengeneza ni lazima kwanza anyamaze na kusikiliza.

Akasikiliza. Alikaa na watu wa mji, akawaomba wamsimulie hadithi, naye akaziandika neno kwa neno kama zilivyotoka kinywani. Alipata hadithi ya Sultani Darai, ya Punda wa Dobi, habari za Liongo, na nyingine nyingi ambazo bibi zetu walitusimulia bila kujua kwamba zimo kitabuni. Imo hata ile ya mwalimu Goso, aliyeuawa na buyu lililomwangukia akifundisha chini ya mbuyu. Sisi walimu hatuna budi kuikumbuka kwa tahadhari.

Wenye elimu wa mji nao walimsaidia. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni na kadhi mwenye asili ya Barawa, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili. Kiswahili cha Sheikh kilikuwa cha hali ya juu, chenye Kiarabu kingi, na Steere akatambua kwamba watu wa kawaida wasingekifahamu chote. Lakini alijifunza kwacho. Watu hawa wawili walitofautiana katika imani, na kila mmoja aliishika yake kwa nguvu. Hata hivyo waliweza kuinama pamoja juu ya maandishi. Twadhani jambo hilo ni mfano mwema kwa mji wetu hata leo.

Steere hakuridhika kuyaacha maandishi yake kwenye daftari. Alijua kwamba nakala moja ni kama mtoto mmoja katika nyumba yenye tauni. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kupigia chapa, na Steere akawafundisha wavulana wake kazi hiyo. Wasomaji vijana, ambao huandika kwa kugusa kioo kwa kidole, huenda wasijue kazi ile ilikuwaje. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini. Mvulana aliichukua moja moja kutoka kisandukuni, akaipanga kinyumenyume mpaka mstari ukajaa, kisha mstari mwingine, hata ukurasa ukatimia. Halafu wino, halafu karatasi, halafu mtambo. Kosa likionekana, herufi iling'olewa na nyingine ikatiwa mahali pake. Ukurasa ulipokwisha kuchapwa, herufi zilirudishwa kisandukuni, kila moja chumbani mwake, zitumike tena.

Fikirini basi. Mtoto aliyetolewa katika jahazi, ambaye watu walikuwa wamemhesabu kuwa ni bidhaa, sasa alisimama mbele ya kisanduku cha herufi na kupanga maneno ya lugha ambayo bado haijapata kitabu chake. Katika mwaka 1867 zilitoka katika mtambo wa Unguja baadhi ya hadithi za Kiunguja, na kijitabu cha Kisambaa. Zilitoka pia Hadithi za Kiingereza, ambazo zilikuwa ni hadithi chache za Shakespeare kwa kufuata ufupisho wa Charles na Mary Lamb. Karibu miaka mia moja kabla ya Mwalimu Nyerere kututolea tafsiri zake za Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, Shakespeare alikuwa amekwisha kufika Unguja kwa Kiswahili.

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza, akakaa huko mpaka mwaka 1872. Hakukaa bure. Mwaka 1870 vilichapishwa London vitabu vyake viwili vikubwa: kimoja cha kufundishia Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, na kingine cha hadithi za Waswahili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Katika dibaji aliwataja watu waliomsaidia na kumsimulia. Twalisema hili kwa kuwa ni haki yao. Jina lililo juu ya kitabu ni la Steere, lakini hadithi ni za watu wa Unguja, naye mwenyewe hakuficha.

Vitabu hivyo vilienea. Vingine vilinunuliwa na watu, vikasomwa, vikachanika, vikapotea. Vingine vilinunuliwa na maktaba za vyuo, vikapigwa muhuri, vikapewa namba, vikawekwa rafuni. Msomaji na aishike habari hii ya muhuri na namba, maana tutairudia.

Steere aliporudi Unguja mwaka 1872, tufani kubwa ya mwaka huo ilikuwa imekwisha kupita na kuangusha mikarafuu na nyumba. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Misheni ikapata uwanja ule, sehemu kwa kununua na sehemu kwa zawadi ya tajiri wa Kihindi aliyeitwa Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi.

Askofu Tozer alijiuzulu kwa ugonjwa, na Steere akawekwa wakfu kuwa askofu tarehe 24 Agosti 1874 katika Westminster Abbey. Aliporudi alikuwa askofu, mwalimu, mfasiri, mpiga chapa na msimamizi wa waashi kwa wakati mmoja. Paa la kanisa alilitaka la kuba ndefu, kwa mawe ya matumbawe na saruji, na wengi walidhani litaanguka. Mpaka leo halijaanguka. Zile nguzo za upande wa mlango mkuu, zilizosimamishwa juu chini na mafundi siku ambayo hakuwapo, wote twazijua, na kila mwenye kuwatembeza wageni hazisahau. Seyyid Barghash, ingawa hakuwa wa imani yetu, alitoa zawadi ya saa kwa mnara.

Seyyid Barghash huyo naye alileta Unguja mtambo wake wa kupiga chapa, wa herufi za Kiarabu, ambao kuanzia karibu mwaka 1880 ulitoa vitabu vikubwa vya dini na sheria vya Kiibadhi. Kwa hiyo katika miaka ile mji wetu mdogo ulikuwa na mitambo miwili, mmoja wa Sultani na mmoja wa Misheni. Mji wa Unguja ulikuwa mji wa vitabu kabla ya kuwa mji wa watalii.

Kazi ya Askofu haikuishia mjini. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu mpaka nchi ya Wayao, na mwaka 1876 aliwapeleka watu waliokombolewa kuanzisha kijiji cha Masasi. Hapa kisiwani, huko Mbweni, watu wengine waliokombolewa walipewa ardhi na nyumba, na Bibi Caroline Thackeray akaanza mwaka 1877 kazi yake ndefu ya kufundisha wasichana. Kila alikokwenda, Steere alikusanya maneno. Alitoa vijitabu vya Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde. Alifanya hivyo akiwa na homa mara nyingi, usiku kwa taa, baada ya kazi nyingine kwisha.

Aliimaliza kazi ya kufasiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja, akaendelea na Agano la Kale. Lakini mwili ulikuwa umechoka. Alikufa hapa Unguja mwezi wa Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa katika kanisa alilolijenga. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891, kwa kazi yake na kazi ya wale waliomfuata. Kitabu chake cha kufundishia lugha kilisahihishwa na kuongezwa na A. C. Madan mwaka 1884, kikatumika miaka mingi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kulikuwa na sababu kadhaa, na mojawapo ilikuwa kwamba Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuwa na vitabu.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Sasa turudi kwenye kabati letu.

Kwanza hatuna budi kuungama jambo letu wenyewe. Zamani, tukiwa walimu vijana waliotoka karibuni katika chuo cha ualimu, tulipangiwa shule moja ya shamba hapa Unguja, na tukakabidhiwa ufunguo wa chumba cha vitabu. Mtaala ukabadilika, vitabu vipya vikaja, na nafasi haikutosha. Tukaamua wenyewe, bila kumwuliza mtu, kuyatoa makaratasi yote ya zamani. Mpishi wa uji wa watoto aliyapokea kwa furaha, akawashia moto kwa siku kadhaa.

Katika makaratasi hayo lilikuwamo daftari moja ambalo tulilifungua, tukalitazama kwa dakika moja, tukalitupa. Mwalimu fulani aliyetutangulia alikuwa ameandika humo majina ya viunga na visima vya kijiji kile, nani alichimba kisima kipi, na nyimbo za kazi za akina mama, kama wazee walivyomweleza. Miezi michache baadaye alikuja mzee mmoja shuleni. Alikuwa amesikia kwamba maneno ya marehemu baba yake yameandikwa katika daftari la shule, naye aliomba asomewe, kwa kuwa yeye hakujua kusoma. Tulimwambia kwamba daftari halipo. Alishukuru, akashika fimbo yake, akaenda zake. Hatukumwambia lilikokwenda. Mpaka leo, miaka karibu arobaini, tunamwona mzee yule akiondoka. Maneno ya baba yake hayamo katika simu ya mtu yeyote, wala hayatakuwamo.

Twasema haya ili mtu asidhani kwamba twaidharau intaneti. Mwaka uliopita mjukuu wetu alitufungulia simu yake, akatuonyesha kile kitabu cha hadithi cha mwaka 1870, ukurasa kwa ukurasa, kama kilivyochapwa. Tulifurahi mno. Kitabu ambacho tulikuwa tumesikia habari zake tangu chuoni, na ambacho hatukupata kukishika, kilikuwa mkononi mwetu bila nauli. Tulisoma hadithi ya Sultani Darai mpaka macho yakauma. Kisha mtoto akarudisha nyuma mpaka ukurasa wa kwanza, na hapo tukauona muhuri wa maktaba ya chuo cha mbali, na namba iliyoandikwa kwa mkono.

Muhuri huo ulitufundisha kuliko hotuba. Kitabu hakikupanda simuni chenyewe. Mtu alikinunua, mtu akakipa namba, mtu akakifungasha upya jalada lilipolegea, mtu akakikinga na maji na wadudu, na waliporithiana kazi wakaambiana kiko wapi. Walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia, mara nyingi bila mtu hata mmoja kukiomba. Siku ilipokuja mashine ya kupiga picha kurasa, kitabu kilikuwapo kupigwa picha. Intaneti yaweza kutuonyesha kilichotunzwa, lakini kilichochomwa haiwezi kutuonyesha.

Tena, hicho kilichomo simuni nacho kinahitaji mtunzaji. Mwezi wa Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, mojawapo ya maktaba kubwa kabisa duniani, ilivamiwa na wezi wa kompyuta, na orodha yake ya vitabu haikuweza kutazamwa kwenye intaneti kwa miezi. Oktoba 2024 Internet Archive, hazina kubwa ya vitabu vya intaneti, nayo ilishambuliwa, ikafungwa kwa siku kadhaa. Vitabu vilivyokuwa rafuni havikuondoka mahali pake.

Na kuna kazi ya mkutubi ambayo mashine haijaiweza sawasawa. Mwanafunzi akitafuta simuni kitabu cha lugha cha Steere, aweza kuletewa cha 1870 au kile kilichoongezwa na Madan, na asijue kwamba si kimoja. Atanukuu maneno ya Madan akidhani ni ya Steere. Mkutubi aliyeizoea kazi yake atamwuliza kwanza anatafuta nini, na kwa nini, kisha atamwonyesha tofauti. Atamwambia pia kwamba kitabu fulani kina makosa, na kwamba jirani yake rafuni kiko kilicho bora. Mwalimu mzuri hufanya hivyo hivyo, na ndiyo sababu twawaona wakutubi kuwa ndugu zetu katika kazi.

Hapa Unguja hatuko maskini wa watu hao, ila hatuwatembelei. Iko Maktaba Kuu pale Maisara. Ziko Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zilizoanzishwa mwaka 1956, ambazo hazina yake ya maandishi na vitabu vya Kiarabu iliandikishwa na UNESCO mwaka 2003 katika Kumbukumbu ya Dunia. Wangapi katika sisi tumepanda ngazi zake? Na karatasi nyingi za Misheni ya Vyuo Vikuu, zenye habari za babu zetu wa Mbweni na Kiungani, ziko Oxford. Mjukuu wa mtu wa Mbweni akitaka kusoma habari za babu yake huenda ikambidi avuke bahari. Tusiwalaumu watu wa Oxford, maana wao walizitunza. Tujiulize sisi tumetunza nini.

Tena tusiseme kwamba vitu vikubwa hujitunza vyenyewe. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, lilisimama mbele ya bahari zaidi ya miaka mia na thelathini, na sote tulidhani halitikisiki. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba la mawe na chuma laweza kuanguka mchana, karatasi ndani ya kabati lenye mchwa itakuwaje?

Kwa hiyo tunaomba mambo machache kwa wazee wa kanisa na kwa kila msomaji. Kabati lisitolewe kabla halijafunguliwa na yaliyomo kuorodheshwa katika daftari, kitabu kimoja kimoja. Mguu ulioliwa ukatwe, na kabati liinuliwe juu ya matofali, mbali na ukuta wenye unyevu. Vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko visichanganywe na karatasi za kutupwa, maana humo ndimo yamo majina ya watu wetu. Vijana wenye simu nzuri wapige picha kurasa zilizochakaa. Hapo intaneti na kabati vitasaidiana badala ya kushindana. Na achaguliwe mtu mmoja wa kushika ufunguo, kijana kwa mzee, ili mmoja akifa mwingine ajue. Sisi tuko tayari kuanza Jumamosi yoyote, na kitambaa cha vumbi tutakuja nacho.

Tumalizie kwa ile hadithi ya Sultani Darai, ambayo Steere aliipokea kwa msimulizi wa mji huu. Maskini mmoja aliyekuwa akichokora punje za mtama jaani alimnunua mnyama paa, na paa huyo kwa akili zake akamfanya tajiri, akampatia mke na jumba. Kisha paa akaugua. Yule bwana, aliyekuwa sasa na kila kitu, hakuona haja naye tena, akaamuru apewe chakula kibovu. Paa akafa. Na yule bwana alipoamka asubuhi, alijikuta amelala palepale jaani, akichokora kama zamani.

Vitabu ndivyo vilivyotutoa wengi wetu jaani, sisi tulio watoto wa wakulima na wavuvi na wajukuu wa watu waliouzwa Mkunazini. Sasa vimezeeka, navyo viko kabatini vikingoja kuona tutavilisha nini.